Shajara ya rigi yangu ya nyumbani: kuchagua kadi za grafiki kwa umeme wa LUKU, Dar

9 Oktoba 2021

Leo ndo naanza rasmi kuandika. Mradi wenyewe ni kuchimba Ethereum, yaani kadi za grafiki zinapiga hesabu za mtandao wa hiyo sarafu ya kidijitali na unalipwa kwa sarafu, hapa nyumbani Tabata, kwenye kastoo kalikokuwa ka majamvi. Rigi ni hiyo kompyuta ya kuchimbia yenye kadi kadhaa. Bajeti milioni 6, akiba ya miaka miwili, na mdogo wangu ananisaidia kufunga. Sina cha kupoteza hovyo ndo maana naandika kila hatua na kila shilingi.

Watu wengi wanaanza na swali la kadi gani inachimba nyingi. Mi nimeanza na mita ya umeme. Nyumba yetu ilikuwa ile tarifu ya watumiaji wadogo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi kila moja shilingi 100, ukiweka kodi na makato inakuwa 122. Sasa ukipiga hesabu ya rigi kwa hiyo 122 umejidanganya mapemaa, kwa sababu ukizidisha 75 kila uniti ya juu inakatwa 350 kabla ya kodi, na ukiendelea ivo unahamishiwa tarifu ya kawaida ya shilingi 292, na kodi zake 356. Kwa iyo hesabu yangu yote humu ni 356 kwa uniti, inakaribia senti 15 na nusu za dola. Ni nyingi. Kwenye vikokotozi vya mtandaoni ukikuta wameweka senti 10, majibu yake si ya kwetu.

Nimejitengenezea kipimo kimoja cha kichwani: wati 100 zikiwaka usiku na mchana ni uniti 2.4, yaani shilingi 855 kwa siku, elfu 25 na mia sita hivi kwa mwezi. Kila kadi nikitajiwa naanza na hapo.

Jambo la pili la kuliweka wazi, Ethereum wenyewe wanasema wataacha uchimbaji na kuhamia mfumo wa kuweka sarafu dhamana. Watu wanataja katikati ya 2022. Kwa maana iyo nina miezi kama nane hivi, ikizidi ni bahati. Na Benki Kuu ilishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba hizi sarafu hazitambuliki kisheria hapa kwetu, ingawa Rais Samia mwezi wa sita mwaka huu aliwaambia wajiandae nazo. Nimemwambia mama yote haya kabla sijatoa hela. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Na hizo mashine zikishamaliza kazi, nani atazinunua?" Swali hilo nimelala nalo.

14 Oktoba

Wiki hii nimesoma mpaka macho yanauma. Nimeelewa kitu ambacho kingenisaidia tangu mwanzo, nacho ni kwamba Ethereum haijali sana nguvu ya chipu ya kadi, inajali spidi ya memori. Kila hashi moja, yaani jaribio moja la hesabu, inasoma memori mara 64, kila mara baiti 128, zidisha unapata baiti 8,192. Kwa iyo chukua spidi ya memori ya kadi yoyote, gawa kwa 8,192, unapata dari lake.

RX ni kadi za AMD, GTX na RTX ni za Nvidia. RX 580 memori yake ni gigabaiti 256 kwa sekunde, ukigawa unapata megahashi 31, yaani hashi milioni 31 kwa sekunde, na kweli watu wanapata 30 mpaka 32. RTX 3060 Ti ni 448, inatoa 54, ukipandisha spidi ya memori inafika 60. Hapo sasa angalia: RTX 3070 nayo ni 448 ile ile! Chipu kubwa zaidi, bei kubwa zaidi, megahashi 60 ile ile. Mtu wa gemu analipia 3070 kwa haki yake, mchimbaji analipia bure. RTX 3080 ni 760, dari 92, ikipandishwa inakaribia 100.

RX 6600 XT imenishangaza, memori 256 kama RX 580 ya miaka ya nyuma, megahashi 32 kama RX 580, ila inakula wati 55 tu ikisetiwa vizuri. AMD wameiwekea kashe, kamemori kadogo ka ndani ya chipu, ya megabaiti 32 ambayo kwenye gemu inasaidia sana, kwenye kuchimba haisaidii kitu kwa sababu lile faili linalosomwa, wanaliita DAG, saivi limeshafika karibu gigabaiti 4 na nusu, halitoshi kwenye kashe yoyote. Na faili hilo linakua kila siku nne tano, ndo lililozifukuza kadi za GB 4 mwishoni mwa 2020. Mtu akikuuzia RX 570 ya GB 4 kwa bei ya kutupa, ujue kwa nini anaitupa.

Kadi moja imegoma kufuata hesabu yangu, GTX 1660 Super. Memori 336, karatasi inasema 41, uhalisia ni 31. Karatasi na kadi vimeachana hapo, nikaamua kila kadi nitafute watu walioipima kabisa, nisiishie kugawanya.

23 Oktoba

Nimezunguka Kariakoo kutwa nzima na mdogo wangu. Kadi zipo ila chache, nyingi ni GT 710 na GT 1030 za kuwashia kioo tu. Duka moja wakatutolea RX 580 GB 8, mtumba kutoka China, laki 7. Tangu wachimbaji wa China wafukuzwe mwezi wa tano na wa sita mwaka huu kadi zao zimetapakaa.

Nikaomba niichomeke kwenye kompyuta yao. Jamaa akasita, mwishowe akakubali. Programu ya GPU-Z ikaonesha viini 2,048. RX 580 kamili ina 2,304! Hii ni ile RX 580 2048SP iliyotoka kwa ajili ya soko la China, kiukweli ndani ni RX 570. Kwa kuchimba tofauti ni ndogo sana kwa vile memori ndo inayofanya kazi, ila kwa kuuza baadaye ni kitu kingine kabisa, mnunuzi anayejua atakukata bei hapo hapo.

Nikaigeuza. Pembeni ya memori kuna mafuta mafuta yamevuja kutoka kwenye zile pedi za kupitisha joto, skrubu mbili zimeliwa vichwa, na kibati cha nyuma kina kutu. Kadi imepikwa hiyo. Kutu ndo ilinitisha zaidi kwa sababu inamaanisha ilikaa sehemu yenye unyevu, na hapa Dar hewa yenyewe ni chumvi, tungemalizia kuiozesha sisi. Nikamrudishia, nikamwambia kaka asante, ngoja tujipange.

30 Oktoba

Suala la LHR (Lite Hash Rate), yaani kadi zenye breki. Nvidia mwaka huu walianza kufunga breki kwenye kadi ili zisichimbe Ethereum kwa spidi kamili, walianza na RTX 3060 mwezi wa pili, alafu mwezi wa tano wakaingiza kwenye 3060 Ti, 3070 na 3080 mpya. Kwenye 3060 wao wenyewe mwezi wa tatu walitoa draiva ya majaribio, 470.05, ikafungua breki kwa bahati mbaya. Saivi programu za kuchimba zimeweza kurudisha kama asilimia 70, kwa iyo 3060 Ti yenye breki inatoa 44 hivi badala ya 60.

Binamu yangu yupo Dubai, anafanya kazi Deira, nimempigia akapite Bur Dubai kwenye maduka ya kompyuta. Nimemwambia akikuta 3060 Ti aulize imetengenezwa lini na ikiwezekana ichomekwe, chipu isiyo na breki inaandikwa GA104-200, yenye breki GA104-202. Amenijibu kwa sauti ndefu ya dakika sita anacheka maana yeye ni mtu wa vipodozi, ila ameandika kila kitu. Bei alizonipa, mtumba wenye hali nzuri: 3060 Ti isiyo na breki dola 700, yenye breki 550, 1660 Super 370, 6600 XT 520. RX 580 dola 300.

6 Novemba

Leo mimi na mdogo wangu tumebishana kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Yeye anataka RX 580 sita, dola 1,800, hela kidogo megahashi nyingi. Nimempa karatasi.

RX 580 kwenye skrini inasema inakula wati 95, ila hiyo ni chipu peke yake, AMD za zamani hazihesabu memori wala saketi nyingine, ukipima ukutani unakuta 130. Sita ni 780, ongeza mazabodi na vikorokoro 50, jumla 830. Megahashi 186. Umeme shilingi 7,090 kwa siku.

Mpango wangu ni 3060 Ti mbili zisizo na breki na 1660 Super mbili. Dola 2,140. Megahashi 182, karibu sawa na zake. Ukutani wati 490, umeme 4,190 kwa siku. Tofauti karibu 2,900 kila siku, elfu 87 kwa mwezi. Yaani ile dola 340 niliyoongeza kwenye kununua inarudi kwa umeme peke yake ndani ya miezi tisa, na hapo sijagusa swali la mama.

Swali la mama ndo lililoamua. Hapa Dar nani ananunua kadi mtumba? Wachezaji gemu wa kompyuta wapo ila wachache, wengi wana PlayStation. Mnunuzi wa kweli ni mtu wa video za harusi, huyu ana kompyuta, ana Premiere ya kuhariri video, ana kazi ya kutoa harusi tatu kwa wiki, na anataka Nvidia kwa sababu programu zake zinakimbia vizuri huko. Wa pili ni wasanifu majengo wanaotengeneza picha za nyumba. Hawa hawataki RX 580 iliyobadilishwa bayosi, ile programu ya ndani inayoiendesha kadi. Maana RX 580 ili itoe 31 lazima uchezee bayosi ya memori, na siku ya kuuza lazima uirudishe ilivyokuwa, ukikosea kadi haiwaki. 6600 XT ni nzuri mno kwa umeme, ningekuwa na uhakika wa kuchimba miaka miwili ningechukua hizo tu, ila kwa miezi nane na mnunuzi anayetaka Nvidia nimeziacha kwa shingo upande.

3080 nayo imetajwa. Memori yake, GDDR6X, inachemka hadi nyuzi 110 ndo inajipunguza spidi, na hiyo ni kwa watu wenye baridi. Stoo yetu mchana ni 33. Hapana.

Mdogo wangu amekubali. Hakufurahi, ila amekubali.

28 Novemba

Kadi zimefika salama juzi, kago na kodi zimo humo humo kwenye ile dola 2,140, yaani milioni 4 na laki 9 na elfu 20. Fremu ya mbao tumepiga wenyewe, mazabodi ya mtumba, pawa saplai ya wati 1,000 yenye daraja la Gold, raiza nne za kuunganisha kadi na mazabodi kwa waya, na HiveOS, mfumo wa kuendeshea rigi, kwenye SSD ndogo. Hivyo vyote 850,000.

Jana usiku tumepata somo. Raiza moja ilikuja na waya wa kubadilisha kutoka plagi ya SATA kwenda pini 6, tukautumia kwa vile waya wa pini 6 ulikuwa mfupi. Saa tano usiku nimesikia harufu, unajua ile harufu ya plastiki inayoanza kuungua kabla moshi haujaonekana, tamu tamu hivi inakaa kooni. Nikazima ukutani kwanza ndo nikaenda kuangalia. Plagi ya SATA imeyeyuka upande mmoja, pini ya njano imekuwa kahawia na ukiigusa inacheza. Nimeenda kusoma, plagi ya SATA kwa 12V uwezo wake ni wati 54, na kadi kupitia raiza inaruhusiwa kuvuta mpaka 75. Ingeendelea mpaka alfajiri tungekuwa tunaongea mengine, na mama chumba chake kimepakana na stoo.

Waya zote za namna hiyo nimezikata na mkasi, nimenunua nyaya ndefu za pini 6 zinazotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Leo asubuhi tumeita fundi umeme mzee wetu wa mtaani, akatuvutia laini ya peke yake ya milimita 2.5 kutoka kwenye sakiti breka mpaka soketi moja ya rigi, hakuna ekstensheni. Akaniambia, "Mwanangu, kitu kinachowaka saa 24 usikihesabu kama pasi." Nimelipa elfu 60 na sijajutia hata mia.

4 Desemba

Wiki nzima ni kusetisha. 3060 Ti imetulia hivi: spidi ya chipu nimeifunga kwenye 1,450, memori nimeipandisha 2,400 kwa namba za HiveOS, inatoa 60 na wati 122 kwenye skrini. Nilijaribu kupandisha zaidi ikaonesha 61.5 nikafurahi, baada ya saa nne nikaona kazi zilizokataliwa na puli, lile kundi la wachimbaji wanaochimba pamoja na kugawana malipo, zimeanza kuongezeka, kumbe namba ya kwenye skrini inapanda ila matokeo mengine ni mabovu na hulipwi. Nikarudisha nyuma. Anayelipa ni puli, kwa iyo saivi naangalia namba ya puli ya saa 24.

Nimenunua kapimo ka wati ka kuchomeka ukutani. Rigi nzima 487. Hesabu yangu ilisema 490! Nilimwita mdogo wangu aje aone, hata yeye alitabasamu.

Mapato leo ni kama dola 10 na nusu kwa siku kabla ya umeme.

22 Januari 2022

Joto. Januari ya Dar haina huruma, stoo ilifika 38 na 3060 Ti ya katikati ikawa inagonga nyuzi 74 kwenye chipu, na memori yake haioneshi joto kabisa kwa hiyo nabahatisha kwa mkono. Nusu kilowati ya moto ndani ya chumba cha mita mbili kwa mbili, bila mlango wa kutokea, lazima iwe tanuri.

Tumetoboa ukuta chini upande wa kivuli, tumeweka wavu wa mbu mara mbili kwa ajili ya vumbi, na feni ya kutolea hewa juu upande wa pili. Wati 40 zimeongezeka lakini kadi zimeshuka mpaka 63. Kiyoyozi sikukigusa, ukiweka kiyoyozi umechimba kwa ajili ya kiyoyozi.

Umeme nao umekuwa wa kukatika katika tangu Novemba. Kukatika sio tatizo kubwa, tatizo ni unavyorudi, unarudi na kishindo. Nimeweka kile kifaa cha kulinda friji, kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Tangu nikiweke hakuna kilichoungua.

27 Februari

Fupi tu. Kuna programu imezagaa inayojiita kifungua breki cha LHR, toleo la pili. Ni virusi. Jamaa yangu wa Mbagala alishaidownload akanipigia kabla hajaifungua. Futa, badilisha nywila zote, hamisha sarafu.

14 Mei

Wiki iliyopita NBMiner, moja ya programu za kuchimba, wametoa toleo 41, breki ya LHR imefunguka asilimia mia. Zile 3060 Ti za dola 550 sasa zinatoa 60 kama zangu.

Nimekaa nikapiga hesabu bila kujipendelea. Nililipa dola 150 zaidi kwa kila kadi ili nipate megahashi 16 za ziada. Kwa miezi hii mitano na nusu megahashi hizo zimeniingizia kama dola 120 kwa kadi. Yaani ile ziada haijarudi yote. Mtu aliyenunua yenye breki mwezi ule ule nilionunua mimi alichagua vizuri kuliko mimi, na nimeiandika hapa kwa sababu nilipokuwa natafuta ushauri mwaka jana kila mtu aliniambia lipa zaidi, epuka breki, na hakuna aliyeweka namba mezani.

19 Juni

Jana Ethereum imeshuka chini ya dola 1,000. Novemba ilikuwa inagusa 4,800.

Megahashi moja saivi inaingiza kama senti 2, shilingi 47. Nimeandika kadi kwa kadi. 3060 Ti inaingiza 2,800, umeme wake 1,180, inabaki 1,620. 1660 Super inaingiza 1,450, umeme 726, inabaki 724. RX 580 ya jamaa yangu wa Mbagala inaingiza 1,450 ile ile, umeme 1,110, inabaki 340, hapo bado mazabodi na feni. Ana nne. Amezima mbili ili asivuke matumizi, na anaziangalia tu.

Nilimpa mdogo wangu simu asome mwenyewe. Akasema, "Kaka, zile sita zingetutoa machozi." Sikumjibu kitu, tukaenda kula.

13 Agosti

Majaribio ya mwisho kwenye Goerli, mtandao wa majaribio wa Ethereum, yalipita tarehe 11, na Merge, ndo hiyo siku ya kuacha uchimbaji, imepangiwa katikati ya Septemba. Hii sio ya kuahirishwa tena. Wachimbaji wote duniani watatupa kadi sokoni wiki moja, sitaki kuwa kwenye foleni hiyo.

3060 Ti zote mbili zimeondoka leo, 880,000 kila moja. Moja kwa msanifu majengo wa Sinza, nyingine kwa kijana wa video za harusi. Huyu wa harusi alikuja na kompyuta yake nzima ndani ya bodaboda, kaifunga na khanga. Nilimwambia ukweli wote, kwamba zimechimba miezi nane na nusu mfululizo, nikamwonesha rekodi za joto za HiveOS. Akaniambia, "Mi nataka kuona inatoa kazi." Tukaichomeka, akafungua harusi ya Jumamosi iliyopita, bibi harusi anaingia ukumbini watu wanatupa maua, dakika kumi za video. Kadi yake ya zamani ilikuwa inatumia dakika 31 kuitoa, hii ikatumia 9. Alihesabu hela pale pale juu ya ndoo ya maji.

18 Septemba

Tarehe 15 asubuhi ndo ilikuwa mwisho. Bloku (ukurasa mmoja wa daftari la Ethereum) namba 15,537,393 ilikuwa ya mwisho kuchimbwa, kuanzia 15,537,394 hakuna kadi tena. Nilikuwa nimeamka kuangalia. 1660 Super mbili bado zilikuwa zinanguruma kazi ambayo haipo.

Nimezihamishia Ethereum Classic, sarafu nyingine inayochimbwa bado, siku tatu hizi ili niwe nimepima kweli. Kila mtu amehamia huko huko, mapato yamepondwa. Kadi zote mbili pamoja zinaingiza kama 580 kwa siku, umeme wa rigi 1,880. Ravencoin, sarafu nyingine ya kuchimba kwa kadi, nayo inaikaba chipu kuliko memori, wati zinapanda. Leo saa nne nimezima. Stoo iko kimya mpaka mama kaja kuuliza kama umeme umekatika.

Jamaa wa Mbagala anauza RX 580 kwa laki moja na nusu, hajapata mtu.

28 Januari 2023

Nafunga hesabu. Matumizi: kadi 4,920,000 na vifaa 850,000, jumla 5,770,000, ukiacha fundi. Kuchimba kumeingiza 4,050,000, umeme umekula 1,100,000, imebaki 2,950,000. 3060 Ti mbili zimerudisha 1,760,000. 1660 Super moja nimeiuza Oktoba 380,000, pawa saplai na mazabodi 260,000. Jumla iliyorudi 5,350,000, na kadi moja bado ninayo. Mtaji karibu wote umerudi, faida hakuna, na zaidi ya theluthi moja ya hela iliyorudi imetokana na kuuza kadi. Pengo lingekuwa dogo zaidi kama ningechukua zile za dola 550, hilo liko wazi kwenye namba.

Watu wananiuliza kama nitanunua nyingine. Kwa umeme wa 356, kuchimba kwa kadi sirudii. Nimesoma habari za hifadhi ya Virunga huko Kongo, wana kituo chao cha umeme wa maji Luviro, na tangu 2020 wanachimba Bitcoin pale, kwa mashine maalumu sio kadi, kwa umeme ambao haujapata mnunuzi bado. Pale naelewa. Maji yanashuka yenyewe usiku kucha. Mimi kila uniti niliinunua kwa namba tarakimu 20 nikibonyeza kwenye mita.

Ile 1660 Super iliyobaki nimemwekea mdogo wetu wa kike, yuko mwaka wa pili usanifu majengo pale Ardhi. Jana usiku aliiacha itengeneze picha za nyumba ya ghorofa tatu akaenda kulala. Nikapita nikaweka mkono mgongoni mwa kadi kama nilivyozoea, ya uvuguvugu tu, na kwenye kioo ukuta wa mbele umeshatokea, madirisha bado.